Mapigo Matatu Kwenye Bomba Kavu

Nyumba ya fundi bomba ilikuwa kavu kuliko nyumba zote za mtaa ule, na watu hawakuchoka kumtania kwa hilo. Mtu aliyewavutia maji wote, aliyejua bomba la nani linapita chini ya kizingiti cha nani, kwake mwenyewe alibaki na bomba moja tu la jikoni, nalo kalifunga kitambaa cheupe mdomoni kama mgonjwa wa jino. Maji yaliyopita hapo yalichemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena. Mwanawe wa miaka miwili na nusu alipewa vikombe viwili kwa siku, vile vidogo vya kahawa, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Matunda hayakuvuka mlango ule. Mboga za majani hazikuvuka. Ukimletea papai atakuuliza, "Limeoshwa kwa maji gani?" na jibu lolote utakalotoa halitamtosha.

Hakuwa na wazimu. Alikuwa ameona. Ndani ya mitaro aliyoichimba kwa mikono yake alikuwa ameona bomba la maji machafu limelala juu ya bomba la maji safi, yote mawili yana nyufa, yananong'onezana. Na miaka mitatu nyuma binti yake wa kwanza, wa miaka minne, alikunywa maji ya sinki la chumba cha nyuma, akaoshea kipande cha papai, akala. Siku mbili za kuharisha zilitosha. Siku ya tatu walimzika. Tangu hapo jina lake halikutamkwa ndani ya nyumba ile, picha yake haikutundikwa, na fundi aliifunga koki ya bomba la chumba cha nyuma akang'oa na mkono wa kuizungushia, pasiwe na atakayeifungua.

Huyu wa pili alizaliwa miezi minne baada ya mazishi. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza na sahani, alizungumza na viatu, aligombana na mto wake mpaka usingizi umchukue. Kwa hiyo siku aliponyamaza, nyumba nzima ilisikia kama saa ya ukutani imesimama.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa uani. Mkewe fundi alipiga pasi kwa dobi kuanzia adhuhuri, hivyo mchana ulikuwa zamu ya baba. Fundi alimlisha mtoto wali mweupe na maziwa, akageuka kuweka sahani, na alipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta chumba cha nyuma. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya mlango, uso kaupa ukuta, magoti kayakaza, kasimama kwa ncha za vidole. Jasho lilimtiririka shingoni. Kiganja chake kimoja kilikuwa kimelishika bomba lililopanda ukutani kuelekea kwenye sinki.

"Chiriku. Unafanya nini hapo, baba?"

Mtoto hakugeuka. Aliinua mkono wa pili, akaweka kidole mdomoni kumwambia anyamaze.

Ndipo bomba lilipogonga. Ko. Ko. Ko. Mapigo matatu, mepesi, yaliyopishana sawasawa, kama ya kijiko.

Fundi alikuwa na desturi yake ya kazi. Sauti husafiri ndani ya bomba mbali kuliko inavyosafiri kutoka kooni, kwa hiyo aliye kwenye koki nje na aliye ndani ya nyumba hawaitani kwa kelele, wanagonga. Mapigo matatu maana yake maji yamekatwa. Pigo moja maana yake maji yameachiwa. Na anayesikia sharti ajibu kwa mapigo yale yale, ili aliyegonga ajue amesikika. Pasipo jibu, kazi haiendelei. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa akimjibu. Baadaye binti yao akaijua kazi ile, akampokonya mama yake, akawa anajibu kwa kijiko chake cha uji.

"Ni jua," fundi alijiambia. Chuma kikipata joto hutanuka, kikitanuka hulia. Alikuwa amewaeleza watu jambo hilo mara mia moja. Lakini aliposimama pale alijua pia kwamba chuma hakihesabu.

Alimbeba mtoto. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma iliyoanikwa. Akaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma, jana, juzi, juzi ile, na akafika siku ya nane kabla hajakumbuka mara ya mwisho mtoto huyu alipopata choo.

*

Aliyepasua jipu alikuwa dada yake fundi, mwuza matunda wa sokoni, aliyepita jioni kumsalimia wifi yake akamkuta Chiriku amelala kifudifudi sakafuni, kimya.

"Huyu leo nani kamtoa betri?"

"Hajapata choo," mke wa fundi akasema. "Leo ya nane."

"Ya nane. Na nyinyi mnahesabu tu, mnangoja mwezi uandame." Akamgeukia ndugu yake. "Kaka, wewe ukiambiwa choo cha watu kimeziba siku mbili, unakwenda mbio na waya begani. Wa kwako siku nane umekaa unakunywa chai."

Mkewe alicheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Afadhali akose," fundi alisema, "kuliko..."

Shangazi alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, "Kesho asubuhi mnampeleka zahanati. Usipompeleka wewe, nambeba mimi kwenye tenga la machungwa."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mnene wa miwani. Alilibonyeza tumbo taratibu, upande huu, upande ule, akauliza mtoto anakula nini. Fundi akamweleza bila wasiwasi, kama mtu anayeonyesha kazi yake: maziwa yaliyochemka vizuri, mara nne kwa siku; mkate mweupe; wali mweupe; viazi vya kuponda. Hakuna uchafu.

"Maji?"

"Vikombe viwili."

"Vya ukubwa gani?"

Fundi akaonyesha kwa vidole. Muuguzi akavua miwani.

"Baba, hicho ni kipimo cha dawa ya kikohozi. Unafanya kazi gani?"

"Fundi bomba."

Muuguzi aliutazama ukuta kidogo mpaka uso wake ukatulia. "Basi nitakueleza utanielewa. Utumbo unanyonya maji. Choo kikikaa humo bila maji na bila makapi ya chakula, kinakauka, kinakuwa jiwe. Siku kikitoka kinamchana. Mtoto hasahau. Kesho yake kikimjia, anakizuia. Akikizuia, kinazidi ujiwe. Je, anasimama kwa ncha za vidole, anajificha, anakaza miguu?"

"Uso ukutani," fundi alisema.

"Basi hapo hasukumi kama mnavyodhani. Hapo anazuia kwa nguvu zake zote." Akamgeukia mama. "Maziwa mpunguzieni, kikombe kimoja au viwili kwa siku yanatosha. Maji mara kwa mara, kila anapocheza, kila anapokula. Papai lililoiva, chungwa na nyama yake. Maharage mumpondee. Mboga za majani. Uji wa unga usiokobolewa. Na baada ya kila mlo mkalisheni kwenye kopo lake la choo dakika tano, miguu ikanyage kitu. Asigombezwe, asiharakishwe. Msimtie sabuni wala kitu chochote huko nyuma. Nawapa siku tatu. Akitapika, tumbo likizidi kuvimba, au siku tatu zikipita bure, mleteni hapa tumpe dawa."

"Na akianza kuharisha?" fundi aliuliza.

Muuguzi alisikia kitu katika swali lile. "Mna mtoto mwingine?"

Mke aliangalia sakafu. "Hatuna," fundi akasema.

"Maji yachemshe, yafunike, na matunda uyaoshe kwa hayo hayo," muuguzi alisema polepole. "Lakini mpe, baba. Chakula kitalainisha. Kuachia ataachia mwenyewe, siku akiacha kuogopa."

*

Papai lililetwa na shangazi, jekundu ndani kama kaa la moto. Mke wa fundi aliliosha kwa maji yaliyochemka, akalimenya, akalikata vipande vya mkono wa mtoto, akalifunika kwa sahani. Kabla ya kutoka kwenda kwa dobi alisimama mlangoni.

"Utampa?"

"Nitampa."

"Niangalie machoni."

"Nitampa, mama. Nenda, utachelewa."

Alikusudia kumpa, Mungu shahidi yake. Aliinua kijiko mpaka midomo ya mtoto, na Chiriku akafunua mdomo. Kisha harufu ikapanda. Ile harufu tamu, nzito, ilikuwa chumbani siku ile, kwenye mto wa binti yake, kwenye nywele zake. Kijiko kikagonga jino la mtoto. Fundi alisimama, akalimwaga papai lote kwenye ndoo ya taka, akalifunika kwa gazeti, akawasha jiko, akachemsha maziwa.

Baada ya kula, Chiriku aliteleza kutoka kitini akaenda zake chumba cha nyuma. Safari hii fundi alimfuata unyounyo. Alimwona akilishika bomba. Alimwona akisikiliza, kichwa kimeinama, kama mtu anayeambiwa jambo sikioni. Bomba likagonga. Ko. Ko. Ko. Na mtoto akakaza mwili mzima, vidole vya miguu vikang'ang'ania sakafu, machozi yakamtoka bila sauti.

Fundi alipiga magoti. "Nani anagonga, baba?"

"Dada."

"Dada gani?"

Chiriku alimtazama kama mtu mzima anavyotazamwa akiuliza la kijinga. "Wa kwenye bomba. Anasema bado."

"Bado nini?"

Mtoto alikunja kidole, akagonga goti la baba yake. Mara tatu, zikipishana sawasawa.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha mtoto huyu. Tangu mazishi fundi hakuwa amegonga tena bomba lolote. Kazini alipiga kelele kama mafundi wengine, akaunguza koo. Alimweka mtoto kitandani, akaleta bisibisi yake ndefu, akaigusisha ncha kwenye bomba na mpini kwenye sikio, kama alivyozoea kutafuta mahali panapovuja. Bomba lenye maji huvuma. Lenye tundu hupiga mluzi. Lililokauka halisemi chochote, ni kama kuweka sikio kwenye tofali. Yeye alisikia ukimya, ni kweli, lakini ulikuwa ukimya wa mtu aliyesimama upande wa pili, anayengoja kuambiwa.

Na hapo akakumbuka. Si kwamba alikuwa amesahau; alikuwa amelikalia.

Siku ile ya mwisho, binti alikuwa amelazwa chumba hiki, karibu na sinki lake. Alilipenda sinki lile. Kila alipokula alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaosha sahani yake mwenyewe, akaifudikiza, akalaza kijiko juu yake. Mama yake alikuwa ametoka mbio kutafuta gari. Fundi, kichwa kimemzunguka, alijua ghafla kwamba ni yale maji, akakimbilia nje kwenye koki kana kwamba kuyakata wakati ule kungesaidia kitu. Akaifunga. Na kwa mazoea tu, mkono wenyewe, spana ikagonga bomba mara tatu. Kutoka ndani, kutoka kitandani, kijiko kikamjibu. Ko. Ko. Ko. Alipofika chumbani kijiko kilikuwa kimeanguka sakafuni.

Hilo ndilo neno la mwisho binti yake alilomwambia mtu yeyote. Alipewa amri, akaijibu, akabaki kwenye zamu yake. Hakuna aliyerudi kumwambia kwamba kazi imekwisha.

*

Mkewe aliporudi hakuuliza. Alifunua gazeti kwenye ndoo ya taka, akaliona papai, akalifunika tena. Akakaa mkabala naye, mikono inanuka pasi na wanga.

"Sikumpa," fundi alisema.

"Nimeona."

"Nilishindwa. Harufu yake..."

"Nami nina pua." Akakivuta kiti karibu. "Mmoja tulimzika, na haikuwa makosa yako peke yako. Huyu unataka tumzike kwa kumlinda?"

Fundi akamweleza yale mapigo, moja kwa moja, macho mezani, akitarajia kuambiwa akapumzike. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwezi wa pili huu nayasikia," alisema. "Kila baada ya mlo. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikasema nikikwambia, utauvunja ukuta."

Walikaa pale, wawili, wanasikiliza. Ukuta haukusema kitu.

Asubuhi fundi mwenyewe ndiye aliyelikata papai jipya. Chiriku alionja, akakunja uso, akafikiri, akafunua mdomo kama kinda. Vikombe vya kahawa vilirudishwa kabatini. Kikaja kikombe cha bati, kikajazwa, kikafuatana na mtoto kila aendako. Uji wa unga usiokobolewa ulipikwa mzito, wenye rangi ya udongo. Maharage yalipondwa. Mboga zilioshwa mara mbili kwa maji yaliyochemka, zikakatwa nyembamba, zikafichwa ndani ya maharage, na Chiriku akazigundua, akazitoa moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani, kisha, alipoona hakuna anayegombana naye, akazila zote. Maziwa yakawa kikombe kimoja.

Kufikia jioni tumbo lilianza kunguruma. Shangazi, aliyekuja kukagua, aliweka sikio juu yake.

"Maji yanapita, fundi. Nasikia mtambo unafanya kazi." Mara mtoto akaachia upepo, shangazi akajirudisha nyuma, akapunga mkono puani. "Mtambo mkubwa kabisa."

Walicheka wote, hata fundi. Lakini kila walipomkalisha kwenye kopo, miguu juu ya kigoda, mambo yalikuwa yale yale. Uso ungemwiva, tumbo lingeanza kusukuma, na kutoka chumba cha nyuma mapigo matatu yangekuja, si kwa ukali, kwa uaminifu tu. Chiriku angekaza magoti, angeteremka, angekwenda kusimama ukutani.

"Bado," angesema. "Dada anasema bado."

Siku ya tatu mtoto alikataa hata papai. Midomo haikuwa mikavu tena, tumbo lilikuwa laini kuliko juzi, lakini lilikuwa limejaa, na macho yake yalikuwa ya mzee. Dobi hakufungua siku hiyo, mkewe alikuwa nyumbani.

"Asipopata choo mchana huu, saa kumi tunakwenda zahanati," alisema, na tayari alikuwa amefunga nepi mbili na kanga ndani ya mfuko. "Chakula kimefanya kazi yake. Kilichobaki si cha chakula."

Fundi aliinuka. Alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa spana zote, akatoa nyuzi, akafika chini kabisa, mahali palipokuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Mkewe aliutambua mkono wa koki kabla hajaufungua.

"Mkalishe," fundi alimwambia. "Chumba cha nyuma, karibu na sinki. Mpe papai alishike, asile kama hataki. Bomba lisiguswe na mtu."

Nje jua lilikuwa limesimama utosini. Koki ilikuwa nyuma ya nyumba, imeota kutu, buibui kajenga mlangoni pake. Fundi aliifuta, akaivika mkono wake, akasukuma. Haikukubali. Akaipiga kwa nyundo mara moja upande, mara moja upande wa pili, akasukuma tena kwa mwili mzima, na ikazunguka kwa mlio ambao uliwanyamazisha kuku wa jirani. Bomba lilitetemeka kama ngozi ya mnyama aliyeguswa ghafla. Maji yakaanza kupanda.

Akaishika spana. Akagonga. Pigo moja.

Akangoja.

Kutoka ndani hakukuja kitu. Pasipo jibu kazi haiendelei. Yeye ndiye aliyeiweka sheria ile. Jasho lilimwingia machoni. Aligonga tena, pigo moja, akaweka sikio kwenye chuma. Ule ukimya ulikuwepo, umesimama, haumwamini. Binti alikuwa na haki ya kutomwamini. Kwa miaka mitatu baba yake hakuwa amempa neno lolote, zuri wala baya. Hata jina lake alikuwa amelikata.

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi, akauweka mdomo wake kwenye bomba, na akalitamka jina la binti yake. Lilitoka limekwaruza, kama maji ya kwanza ya bomba la zamani. Akalitamka mara ya pili, likatoka safi.

"Ni baba," alisema. "Ulinisikia, na mimi nilikusikia. Umefanya kazi vizuri. Sasa achia, mwanangu. Mwachie na mdogo wako."

Akagonga pigo moja, kwa kucha tu.

Ko.

Jibu lilikuwa jepesi, la kijiko. Moja. Fundi alingoja la pili na la tatu, na hayakuja.

Ndani, sinki lilikohoa. Likatema hewa, likatema maji mekundu ya kutu, likakohoa tena. Alisikia mkewe akiita, wala hakujua alikuwa anacheka au analia, naye akazunguka nyumba mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope lililoanza kujaa chini ya koki.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kopo lake, miguu juu ya kigoda, mikono miwili imelishika papai. Bomba la sinki lilikuwa linatiririka juu yake, maji yameanza kuwa meupe. Mtoto aliyatazama mdomo wazi. Magoti yake yalilegea. Akaguna mara moja, guno zito la mpakiaji wa magunia, na kitu kikaanguka ndani ya kopo kwa kishindo cha jiwe. Kisha vingine vikafuata kwa upole, vingi, kama foleni iliyosimama siku kumi na moja imefunguliwa dirisha.

Alipomaliza aliinuka, akageuka, akainama akavichungulia kwa makini.

"Hamjambo," alisema.

Mama yake alikaa sakafuni, akamkumbatia mtoto na kopo na vyote. Fundi aliegemea mlango, akapumua kwanza.

"Ulipogonga kunijibu," alisema, "uligonga na nini?"

Mkewe aliinua uso uliolowa. "Mimi? Mikono yangu yote nilikuwa nimemshika huyu."

Wote wawili walimtazama Chiriku. Chiriku alikuwa anakula papai.

*

Juma lililofuata mtoto alipata choo kila siku baada ya chakula cha mchana, na shangazi alitangaza soko zima kwamba mapapai yake yanafanya kazi ambayo hata fundi bomba ilimshinda. Fundi alimwacha aseme. Maji bado aliyachemsha, ila mara moja tu. Kitambaa cha bomba la jikoni alikifua, hakukirudisha. Mkewe aliitundika picha ukutani chumba cha nyuma, juu kidogo ya sinki, na jioni walilitaja jina, mwanzoni kwa kunong'ona, kama wanaojifunza lugha.

Mapigo matatu hayakurudi.

Siku moja, mchana, mkewe akiwa kwa dobi, Chiriku alimaliza kula, akaketi kwenye kopo kwa hiari yake, akafanya shughuli yake, akasifiwa. Kisha alichukua sahani yake iliyobaki na kipande kimoja cha papai, na kijiko, akaelekea chumba cha nyuma.

"Unapeleka wapi?"

"Ya dada."

Fundi aliitazama sahani. "Weka kwenye sinki basi," alisema. "Twende, kuna mita ya jirani inavuja, utanishikia tochi."

Alifunga mlango mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni. Kazi ya mita haikuzidi nusu saa. Waliporudi mlango ulikuwa kama alivyouacha. Chiriku alimtangulia ndani, miguu ikipiga sakafu, mdomo ukienda wakati wote, hadi kizingiti cha chumba cha nyuma, na hapo akanyamaza.

Sahani ilikuwa ukingoni mwa sinki, imefudikizwa. Kijiko kilikuwa kimelazwa juu yake. Matone yalikuwa yanateremka bado, moja, kisha jingine, na mdomo wa bomba ulikuwa umelowa.

"Ameosha," Chiriku alisema, na akaendelea na hadithi yake pale alipokuwa ameikatiza.

Jioni mkewe alipoanza kupakua, fundi alimtangulia kabatini. Alipanga mezani sahani nne. Mkewe alizihesabu kwa macho, akanyanyua upawa, akapakua zote nne.